Pasta Haimsubiri Mtu

Nina mgahawa mmoja wa Kiitaliano mjini ambao nauendea kila ninapopata nafasi. Nikienda na mtu ambaye hajawahi kufika pale, robo saa haiishi kabla hajaniuliza, "Hivi wametusahau?" Hawajatusahau. Jikoni kuna sufuria inachemka kwa ajili yetu, na pasta haikutiwa humo mpaka tulipoagiza. Naupenda mgahawa ule kuliko mingine yote, na sababu kubwa ni huko kusubiri.

Hesabu yake ni nyepesi. Pasta kavu huiva kwa dakika 8 hadi 12 hivi, kutegemea umbo na unene. Ukiagiza ikakufikia baada ya dakika 4, ujue ilichemshwa mapema, ikapakwa mafuta isishikane, ikawekwa kando, na ulipoagiza ikachovywa kwenye maji moto ipate uvuguvugu. Italia wana sheria tangu mwaka 1967 inayotaka pasta kavu itengenezwe kwa ngano ngumu, na ngano hiyo ndiyo inayoipa ule ugumu kidogo unaousikia menoni, ambao Waitaliano huuita al dente. Pasta iliyopashwa haina tena ugumu huo. Inajaa mdomoni kama uji mzito, hata sosi iwe tamu namna gani.

Huwa naomba meza ya pembeni, inayotazamana na dirisha la jikoni, kwa sababu pale naiona cacio e pepe ikitengenezwa. Ni chakula cha Roma, na vinavyoingia humo ni vitatu tu: pasta, jibini la pecorino la maziwa ya kondoo, na pilipili manga. Mpishi huanza kwa kukaanga pilipili manga iliyopondwa kwenye kikaango kikavu mpaka harufu inatufikia mezani. Huteka upawa wa maji yaliyochemshia pasta, yale meupe yenye wanga, akayamwaga humo. Mvuke ukishatulia, huopoa pasta ikiwa bado haijaiva sawasawa na kuimalizia kwenye kikaango hicho hicho. Halafu hukiepua. Kazi yenyewe iko hapo. Husubiri joto lipungue, ndipo hutia jibini lililokunwa laini kama unga, mkono mmoja ukirusha kikaango, mwingine ukikoroga. Jibini likikutana na moto mkali hukatika mabonge yenye nyuzi. Likikutana na joto la kiasi, ule wanga hulishika, likawa rojo laini linalong'ang'ania kila uzi wa pasta. Siku moja nilimwona akimwaga chote na kuanza upya kwa sababu rojo lilikatika. Aliyeagiza hakujua kwa nini chakula chake kilichukua dakika 10 zaidi. Nilitamani niende mezani kwake nimweleze.

Ndiyo maana krimu kwenye carbonara inaniudhi sana. Carbonara ya Roma ni pasta yenye yai, pecorino, pilipili manga na guanciale, yaani nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Ulaini wake hutoka kwenye yai, lililopata joto la kulifanya lizidi kuwa zito bila kuganda. Mpishi akikosea kidogo tu, anapata mayai ya kuvuruga. Krimu inamwondolea hofu hiyo, na inaondoka na ladha pia. Mahali fulani niliwahi kuletewa carbonara iliyozama kwenye krimu, na uyoga juu yake. Nilipouliza, nikaambiwa wateja ndivyo wanavyopenda. Simkatazi mtu kula anachokipenda. Lakini kipewe jina lake, maana anayekila kwa mara ya kwanza ataondoka akiamini ameijua carbonara.

Kwenye menyu ya mgahawa wangu, chini ya risotto, yaani wali wa Kiitaliano wenye rojo, wameandika kwamba itachukua dakika 20. Nausifu mstari ule kwa kila mtu. Mchele wa risotto, Arborio au Carnaroli, huongezewa supu ya moto kidogo kidogo huku unakorogwa, mpaka wanga wake uachie na mchele ushikane bila kupondeka. Kazi hiyo haina njia ya mkato, na anayekuambia mapema amekuheshimu. Najua ipo migahawa inayochelewesha watu kwa vurugu tu: oda imepotea, mhudumu haonekani. Huko ukiuliza utajibiwa "kinakuja, kinakuja." Kwenye mgahawa unaojua kazi yake utaambiwa chakula chako kimefikia wapi.

Piza ni habari nyingine. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 kuhusu piza ya Napoli inataka tanuri la kuni lenye joto la nyuzi 485 za Selsiasi, na piza ikae humo sekunde 60 hadi 90 tu. Hapo anayesubiri ni mpishi: unga ulikandwa na kuachwa uumuke kwa saa nyingi kabla wewe hujafikiria utakula nini. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi wa wapika piza wa Napoli kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, na kwangu mimi ilistahili.

Mhudumu mmoja wa pale, mtu mzima kuliko wenzake, ndiye aliyenifundisha kuwaamini. Nilikuwa nimeagiza spageti ya kome, nikaomba jibini. Hakukunja uso. Aliniambia kwa upole, "Nitakuletea. Lakini nakuomba uonje kwanza matonge mawili bila jibini." Nikaonja. Kitunguu saumu, mafuta ya zeituni, majani ya parsley, na ule uchumvi wa bahari ulioachwa na kome wenyewe sufuriani. Jibini kali lingeufunika uchumvi ule wote. Nilipoinua uso, alikuwa amesimama palepale na bakuli la jibini mkononi, tayari kunipa kama ningelitaka. Nikamwambia alirudishe.

Tangu siku ile nimeacha kuwapangia. Nauliza leo kuna nini kizuri, nikiambiwa nakubali. Mara nyingi ni vitu vichache mno: nyanya, mrehani, spageti. Sahani ikiisha nachukua kipande cha mkate nafuta sosi iliyobaki. Waitaliano wenyewe wana jina la kufanya hivyo, fare la scarpetta, yaani kufanya kiatu kidogo, na hata wao wengine hawaoni adabu kukifanya mbele za watu. Mimi nakifanya mbele ya wote, nikilitazama lile dirisha la jikoni. Nimeshagundua kwamba mpishi huzikagua sahani zinazorudi kabla hazijatiwa majini. Iliyobaki na chakula huishika kwanza, akaitazama na kumuuliza mhudumu jambo. Yangu huipitisha bila neno.