Kulabu ya Treni Ndogo na Mkono wa Jitu

Modeli nzuri ya treni ya mizigo ya Uingereza hukupumbaza kwa muda. Kutu imepakwa kwa brashi ya nywele chache, namba za ubavuni zinasomeka, turubai limekunjwa kama la kweli. Kisha jicho linashuka hadi pale behewa linapoungana na mwenzake, na hapo linakuta kulabu nene ya plastiki nyeusi na mwanya ambao mtu wa kipimo hicho angepita bila kugusa bafa, vile vikinga mgongano vya ncha za behewa.

Kulabu hiyo ilienezwa na Tri-ang, watengenezaji wa treni ndogo wa Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1964 Lines Bros, kampuni mama ya Tri-ang, iliinunua Meccano iliyokuwa ikitengeneza treni ndogo za Hornby Dublo. Mshindani akaondoka uwanjani, na kulabu ikawa desturi ya kipimo cha OO, yaani modeli za Uingereza zilizopunguzwa mara 76, mpaka leo.

Wanaoichukia wana hoja nzito. Behewa halisi la mizigo la Uingereza lilikuwa na pete tatu za mnyororo zikining'inia kwenye ndoano. Mabehewa mengi ya abiria yaliunganishwa kwa skrubu iliyokazwa mpaka bafa zikagusana. Vitu hivyo huuzwa vikiwa vimepunguzwa mara 76, vya chuma. Kwa nini basi mtu ahangaike na rangi sahihi ya kampuni ya reli ya mwaka 1935, kisha akubali kipande ambacho hakikuwahi kuonekana kwenye reli yoyote?

Jibu la kwanza ni kona. Kona ya daraja la pili katika reli za Hornby ina nusu kipenyo cha milimita 438. Zidisha kwa 76 upate mita 33 hivi, kona ambayo treni kubwa ya kweli isingethubutu kuikata. Ukisukuma mabehewa yenye pete tatu hapo, bafa ya moja hujibanza nyuma ya bafa ya jingine na msafara unalala chini. Kulabu huacha nafasi kati ya mabehewa kwa makusudi. Ule mwanya tunaoucheka ni kodi ya sebule ndogo. Tena mwenye OO hana haki ya kujidai sana: reli zake zina upana wa milimita 16.5, ilhali kipimo chake kinadai 18.83. Treni yake inatembea juu ya njia iliyopunguzwa karibu sentimita 18 za kweli, na wengi wameshazoea hata hawaioni.

Lakini hoja inayonivuta zaidi ni ya mwendo. Kwenye yadi halisi, mfanyakazi alisimama kando ya behewa akiwa na fimbo ndefu yenye ndoano, akanyanyua pete na kuitupia upande wa pili. Modeli haina mtu huyo. Mwenye pete tatu lazima ainame na fimbo yake mwenyewe, na mkono wa jitu unashuka kutoka mawinguni katikati ya stesheni. Mnyororo ni sahihi, tukio lenyewe ni kichekesho. Mwenye kulabu ya plastiki huunganisha kwa kusukuma tu, na hufungua kwa kifaa kilichowekwa kati ya reli. Kwa macho anashindwa. Kwa kazi ya yadi namwona mbele.

Marekani ugomvi huu ni mdogo, na sababu iko kwenye treni halisi. Eli Janney alipata hataza ya kiungo chake cha mfano wa vidole vinavyoshikana mwaka 1873, na sheria ya mwaka 1893 ikalazimisha viungo vya kujifunga vyenyewe, kwa kuwa wafanyakazi walikuwa wakipoteza vidole na maisha kati ya mabehewa. Kiungo cha modeli cha kampuni ya Kadee kinaiga umbo hilo, hujifunga kwa kugongana na kufunguka juu ya sumaku. Namba 5 yao ni kubwa kidogo kuliko inavyostahili. Namba 58 inakaribia zaidi. Hata atakayetengeneza modeli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi anaweza kuvitumia bila aibu, maana mabehewa yale ya Kichina yana kiungo cha ukoo huohuo.

Kwa OO, msafara wa abiria usiovunjwa hauna haja ya kulabu katikati. Fimbo fupi au kiungo cha kubana kinachotanuka kwenye kona kinatosha, kulabu zikabaki kwenye ncha mbili. Mizigo ndiyo yenye tabu, kwa sababu raha yake yote ni kupanga na kupangua. Kwa mwenye nafasi ya kona pana, ningempa kiungo cha Alex Jackson kutoka kwa wanamodeli wa Manchester: waya mwembamba wa chuma usioonekana kwa mbali, unaofunguliwa na sumaku iliyofichwa chini ya reli. Haufanani na mnyororo hata kidogo. Unajificha tu, na kila behewa linakudai koleo, kipimo na uvumilivu, kwani waya ukipinda kidogo tu hauishiki ndoano ya mwenzake.