Masomo ya Ngoma kwa Bei ya Kadogo

Nairobi ni jiji linalojua kuuza karibu kila kitu kwa vipimo vidogo. Mafuta ya kupikia hupimwa kwa kikombe, sukari hufungwa kwa karatasi, na mwenye kibanda hakuulizi utarudi lini. Masomo ya muziki, hata hivyo, bado yanauzwa kwa gunia: unalipa muhula mzima, unanunua vitabu, na mara nyingi unaelekezwa kwenye mitihani ya ABRSM au Trinity, bodi za mitihani ya muziki kutoka Uingereza, kabla hujajua iwapo mikono yako inapatana na vijiti. Kwa maoni yangu, anayeanza kupiga ngoma, awe na umri wa miaka saba au sabini, anastahili mwalimu anayelipwa kwa kipindi, asiyedai sare, cheti wala ahadi ya kurudi.

Sisemi haya kwa kuzidharau taasisi. Conservatoire ya Muziki ya Kenya imekuwepo jijini tangu 1944, na Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, limewakuza waimbaji na wapigaji wasiohesabika. Lakini njia hizo zinamfaa zaidi mwanafunzi mwenye shule nyuma yake au mzazi mwenye karo, si mhudumu wa duka ambaye siku yake ya mapumziko ni Jumanne pekee.

Wapigaji wengi wa ngoma mjini humu hawakufunzwa darasani bali kanisani. Kijana huketi nyuma ya mpigaji mkubwa, akamtazama kwa miezi, na siku mwenyewe akichelewa, kijana ndiye anayepewa vijiti. Ni shule nzuri na haina karo, ila mlango wake ni mwembamba: humpokea kijana, mara nyingi wa kiume, aliye tayari katika timu ya sifa, huku msichana akiambiwa aimbe na mzee akionyeshwa kiti cha mbele.

Wengi huogopa gharama ya vyombo, na ni kweli kwamba seti nzima, yenye ngoma ya mguu, snea, tomu na matoazi, ni ghali hata ikiwa imetumika. Anayeanza haihitaji. Anahitaji jozi ya vijiti na kipande cha mpira kilichobandikwa kwenye ubao. Katika nyumba za ghorofa za Pipeline au Umoja, ambako ukuta ni wa watu wawili na keateka, yaani mtunza jengo, hachelewi kubisha, mpira huo ndio unaowezesha mazoezi ya saa tatu usiku bila ugomvi, na bila mtu kukumbushwa kanuni za kudhibiti kelele za 2009.

Na juu ya mpira huo kuna kazi ya miezi. Kijiti hushikwa kati ya kidole gumba na cha shahada, vidole vingine vikikizingira bila kukibana, kisha huangushwa na kuachwa kidunde. Jambo hilo dogo huwashinda watu wazima kuliko watoto. Katika darasa moja la Jumamosi huko Kayole nilimwona mzee akikibana kijiti hadi mishipa ya mkono ikamtoka, mpaka msichana wa shule ya msingi aliyeketi kando yake akamwambia, "Guka, usikisukume. Kiache kirudi chenyewe." Baadaye wote wawili walipewa zoezi la paradido, yaani kulia, kushoto, kulia, kulia, halafu kushoto, kulia, kushoto, kushoto, metronomu ya simu ikigonga mara 60 kwa dakika. Wote walijikwaa palepale, pale mkono mmoja unapotakiwa kupiga mara mbili mfululizo. Ndiyo maana sioni sababu ya kuwatenga wanafunzi kwa umri katika hatua hii. Watenganishwe, ikibidi, kwa kile wanachokiweza.

Mwalimu huyo wa kulipwa kwa kipindi angefanya vyema pia kutoanzia kwenye seti ya kizungu peke yake. Isukuti, mchezo wa asili wa Waisukha na Waidakho wa Kakamega unaopigiwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, kwa kuwa, miongoni mwa sababu nyingine, wapigaji wake wanazeeka bila warithi. Wajukuu wao wengi wako hapa hapa Nairobi.

Bei nafuu nayo isiwe njaa ya mwalimu. Wanafunzi watano wakichangia saa moja, kila mmoja hutoa kidogo na mwalimu hupata malipo ya kueleweka. Wakizidi hapo, hakuna mkono unaotazamwa vizuri. Bei hiyo itangazwe waziwazi, maana tabia ya kumwambia mtu aulizie faraghani humfukuza hasa yule ambaye mfuko wake ni mwepesi. Ukumbi nao si tatizo kubwa. Kaunti ina kumbi za kijamii, ule wa Kaloleni ukiwa mmojawapo, na makanisa yana vyumba vinavyofungwa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa vikiwa na seti ndani yake. Kinachotakiwa ni mwenye ufunguo kukubali alasiri moja kwa wiki, kwa kodi ambayo watu watano wanaimudu.