Mwongo tunamlinda wenyewe

Kila nikikaa na Watanzania wenzangu hapa Hamburg, mazungumzo yakifika kwenye habari za kujenga nyumbani, hayachelewi kugeuka msiba. Huyu alituma hela ya msingi, akarushiwa picha za msingi wa jirani. Yule alinunua kiwanja Kigamboni, alipokwenda likizo akakuta mtu mwingine ameshainua ukuta, naye ana karatasi ya serikali ya mtaa yenye muhuri ule ule. Na mwishoni lazima mmoja aseme: "Mzungu hana tabia hiyo. Sisi weusi ndivyo tulivyo." Hapo mimi hugoma.

Mjerumani anadanganya, tena sana tu. Mwaka 2015 Volkswagen ilibainika imeweka kwenye magari yake ya dizeli programu ya kuhadaa vipimo vya moshi. Mwaka 2020 kampuni ya Wirecard ilianguka baada ya kugundulika kwamba yuro bilioni 1.9 zilizoandikwa kwenye hesabu zake hazionekani popote. Na ule ujumbe wetu wa kitapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" una ndugu yake huku: bibi kizee anaandikiwa, "Mama, simu yangu imeharibika, hii ndiyo namba yangu mpya," kisha mtoto huyo wa uongo anaomba alipiwe bili ya haraka. Wazee wengi wameshatoa akiba zao kwa njia hiyo. Roho ya mtu ni ile ile, Hamburg au Mbagala.

Tofauti naiona kwenye kinachomsubiri mwongo. Treni za mjini hapa hazina geti, unaingia na kukaa. Lakini mkaguzi akikukuta huna tiketi unalipa yuro 60, na hakuna cha "bosi, tuelewane". Nikitaka kununua nyumba, sheria hainiruhusu kuandikishana na muuzaji mbele ya mjumbe na mashahidi wawili. Mkataba ni lazima upite kwa mwanasheria wanayemwita Notar, na kabla sijalipa, yeye huomba madai yangu yaandikwe kwenye daftari la ardhi, ili muuzaji akijaribu kumuuzia mwingine, mimi niwe nimeshatangulia. Wenyeji hawana haja ya kujiuliza kama muuzaji ni mcha Mungu. Wanaliamini daftari.

Ukikosa karatasi, hawakuamini kabisa. Hili wanaokuja likizo hawalioni. Kupata chumba cha kupanga nilidaiwa hati za mshahara za miezi mitatu na cheti cha Schufa, taasisi inayotunza kumbukumbu za madeni ya watu, kuonyesha kwamba sidaiwi. Jirani wa ghorofa yangu hawezi kuniazima hata yuro 20. Nyumbani Morogoro mangi wa dukani alimpa mama unga na mafuta ya taa miezi mingapi, kwa kuandika tu kwenye daftari la shule! Akina mama wa mtaa wetu wanacheza mchezo mpaka leo. Kijumbe anakusanya, hela inazunguka, na hajawahi kuonekana mwanasheria pale. Halafu tuambiwe sisi hatujui kuaminiana?

Kwenye utafiti wa World Values Survey watu huulizwa kama watu wengi wanaweza kuaminika. Denmark, jirani zetu wa kaskazini hapa, zaidi ya saba katika kumi hujibu ndiyo. Kenya ni kama mmoja tu. Nadhani yule Mkenya anayejibu hapana anamfikiria mtu asiyemjua, na kwa mtu asiyemjua ana haki ya kuogopa. Kwenye mchezo, asiyetoa zamu yake jina lake linafika sokoni kabla ya jua kuchwa. Hatapewa hata mkopo wa nyanya. Aibu ile ndiyo notari wetu.

Sasa tatizo ni kwamba hela zimekuwa kubwa na zinasafiri mbali, ila aibu tumeiondoa. Tumeweka muhali mahali pake, ile haya ya kumwambia ndugu ukweli.

Nina dada mmoja hapa, tunasali pamoja, anahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee. Zamu za usiku, kunyanyua watu wazima vitandani, mgongo wake umeisha. Kwa miaka alikuwa akimtumia kaka yake hela ya kujenga Bunju. Simu kila mwezi: nondo zimepanda bei, fundi anadai, kibali kinacheleweshwa. Alipofika alikuta msingi umeota majani na rundo la mchanga. Aliposema anakwenda polisi, ukoo ukaitisha kikao, na kikao chenyewe kilimkalia yeye. "Utamfunga ndugu yako wa tumbo moja kwa ajili ya matofali?" Shangazi mmoja akamuuliza, "Kwani huko Ulaya umepungukiwa nini?" Akaambiwa yaishe. Yeye ndiye aliyeomba radhi, kwa kumvunjia kaka yake heshima mbele za watu.

Kaka huyo bado anaitwa kwenye kamati za harusi. Kwenye kamati moja ameshika hela.

Nikisikia methali ya njia ya mwongo fupi, namfikiria yeye. Njia yake tumeirefusha sisi, kwa kusema yaishe, kwa kuogopa lawama, kwa kuona anayesema ukweli ndiye mkorofi. Hata na matapeli tusiowajua ni hivyo hivyo. Serikali ilitusajilisha laini kwa alama za vidole, zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, na ujumbe wa kitapeli kuna namba ya kuupeleka, 15040. Waulize nyumbani kwako nani amewahi kuutuma huko. Tunafuta, tunacheka, na mkulima wa Kilosa aliyeuza mahindi yake jana anautumiwa huo huo.

Na anayelipa gharama ya haya yote ni yule asiyeiba. Mtoto wa binamu yangu ni fundi wa kuchomelea, kijana mtulivu, mageti yake yanajulikana mtaani. Anakodi mashine kwa siku, na faida inaishia kwa mwenye mashine. Aliomba mtaji kwa ndugu watatu walio nje, wote wakakataa. Hakuna aliyesema kijana huyu ni mwizi, hawamjui hata kidogo. Kila mmoja ameshaumwa na mtu mwingine, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa wizi wa wajomba zake, kijana anakosa mashine.

Nimeongea naye mwezi uliopita. Hela sikumtumia yeye. Nimelipa moja kwa moja dukani Gerezani, risiti imetoka kwa jina lake, na tumeandikiana kwamba atarudisha kidogo kidogo kila mwezi kwa mama yake mkubwa, ambaye anapiga hesabu kuliko benki. Nilimwambia wazi pia kwamba akikwama aseme mapema, tutasogeza. Akinidanganya, nitalisema kwenye kikao cha ukoo mbele ya wote, na atakayeniambia yaishe nitamwomba alipe yeye lile deni. Shangazi zake wameshanuna, wanasema nimekuwa Mzungu. Kijana mwenyewe alicheka, akasema masharti hayo ameyapenda, kwa sababu sasa akimaliza kulipa ana cha kuwaonyesha wale ndugu watatu waliomkatalia.