Kabla ya kuilaumu dawa, itazame chupa

Mzee mmoja anayeuza dawa za mitishamba mtaani kwetu huchemsha magome na mizizi tangu alfajiri. Sufuria ikiepuliwa tu, anachota na kumimina kwenye chupa za maji zilizokwishatumika. Juzi niliiona chupa ikisinyaa mkononi mwake, shingo ikapinda. Akafunga kizibo, akampa mama mwenye mtoto mgongoni.

Ukihoji jambo hili, unaambiwa unaipiga vita tiba asili. Mimi naona anayehoji chupa ndiye anayeitetea dawa. Mwarobaini unaweza kuwa umechumwa na kuoshwa vizuri kabisa, lakini mgonjwa anakunywa pamoja na kilichotoka kwenye chombo.

Wauzaji nao wana hoja. Chupa ya kioo ni ghali na inavunjika. Dawa ya unga mkavu haivuti mengi kutoka kwenye plastiki. Na nilipomwamkia mzee nikamuuliza kwa nini hasubiri ipoe, alijibu: "Mwanangu, ikikaa wazi inachacha." Hapo hakukosea.

Lakini joto ndilo linaloharibu mambo. Chupa za maji hutengenezwa kwa plastiki ya PET, ambayo kwa kawaida hubaki na mabaki ya kiwandani ya antimoni, metali yenye sumu ikizidi mwilini. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walipima maji ya chupa: kwenye nyuzi 60 za Selsiasi ingechukua siku 176 antimoni kuvuka kikomo cha Marekani, mikrogramu 6 kwa lita. Kwenye nyuzi 80, siku 2.3. Nyuzi 20 tu, na karibu miezi sita inageuka siku mbili! Kweli, dawa ya mzee hupoa kwa saa chache, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 20, kwa hiyo chupa moja si sumu ya kuua mtu. Ila kuna wanaokunywa kila siku kwa miezi, na chupa ileile hurudishwa ijazwe tena ya moto.

Kinachonitia hofu zaidi ni mafuta ya mwarobaini na ya habasoda. Kemikali za kulainisha plastiki huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Tena kuna madumu yaliyowahi kubeba dawa ya wadudu: plastiki yake imeshainyonya, na sabuni haiitoi yote.

Sufuria ifunikwe, dawa ipoe humo humo ndipo imiminwe. Mafuta yakae kwenye kioo, hata kama mteja ataongeza hela ya chupa.