Risasi zote zinafika, yakhe

Binamu yangu yuko Colorado, Marekani, mwaka wa kumi na kitu sasa. Juzi usiku kanitumia sauti ya dakika saba: anaundiwa bunduki ya kuwindia elki (mnyama kama kulungu, ila mkubwa mno), na fundi anataka ajue mambo mawili, risasi ya aina gani na mtambo (ule mwili wa chuma unaoingiza risasi na kuifyatua) wa urefu gani. Kaniuliza mimi kwa kuwa nakereza chuma, na kwa kuwa babu yetu alikuwa msasi.

Babu, Mungu amrehemu, alisaka kwenye maweni ya kusini Unguja kwa mbwa, nyavu na mkuki. Paa nunga, yule paa mdogo wa kwetu (siku hizi analindwa, usije ukanitajia mtu) hafiki kilo 15, na kwenye kichaka kile humwoni mpaka akukanyage. Elki dume anapita kilo 300 na yuko ng'ambo ya bonde. Vitu viwili tofauti kabisa, nakubali. Lakini babu alikuwa na kisu kiunoni, na akimfikia mnyama bado anapumua. Hapo ndipo ninapoanzia.

Binamu anataka .300 Winchester Magnum, risasi ya baruti nyingi, kwa sababu "inafika". Risasi zote zinafika, yakhe. Hata 6.5 Creedmoor, risasi nyembamba ambayo teke lake halimtishi mtu, inafika mita 550. Ila njiani inatumia zaidi ya robo tatu ya sekunde, na elki anayejilia majani yake muda huo unamtosha kupiga hatua moja. Ulilenga mapafu, umempiga tumbo. Upepo wa kando wa kilomita 16 kwa saa, ambao sisi tukikaa Forodhani tunauita kijiupepo, unaisukuma risasi hiyo nusu mita na zaidi. Magnum inayapunguza hayo, haiyaondoi, na bei yake unailipa begani: gramu 4 na nusu hivi za baruti kila mlio. Mtu aliyekwisha kuliogopa teke hufumba macho kabla hajafyatua, na hakuna darubini ya kumtibu.

Halafu kisu. Tulivyofundishwa, ukimkuta mnyama yu hai unachinja. Akiwa keshakufa, masheikh wana maneno yao na mimi simo. Lakini kushuka bonde na kupanda upande wa pili kwenye theluji si mwendo wa kutoka Darajani kwenda Malindi. Mnyama aliyejeruhiwa hatakusubiri.

Kwa hiyo nikamwambia: jiwekee mwisho wa mita 300, na chukua risasi ya .30-06. Ni ya tangu 1906, haina fahari yoyote, na kwa elki katika masafa hayo inatosha. Alinyamaza kama nimemwambia anunue baiskeli.

Kwenye mtambo ndipo tulipobishana mpaka alfajiri. Fundi wake anapendelea mtambo mfupi kwa kuwa ni mwepesi. Mtambo mfupi unapokea risasi ya urefu wa milimita 71 hivi, kama .308, risasi nyingine fupi. Hiyo .30-06 inakaribia 85, haiingii. Ukinunua mrefu, kesho ukichoka unabadilisha mtutu tu: tako la ganda la .30-06, la .308 na la 6.5 Creedmoor yote ni milimita 12, bolti (kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia) ni ile ile. Magnum ina tako kubwa zaidi, inataka uso wa bolti wa milimita 13.5. Chuma ukishakikereza hakirudi, hilo nalijua kwa mkono wangu.

Na ningekuwa mimi, ningetafuta mtambo wa mtindo wa Mauser ya 1898, bunduki ya Kijerumani, wenye ule ukucha mpana ubavuni mwa bolti. Risasi ikitoka tu kwenye magazini (kisanduku cha risasi), tako lake linateleza chini ya ukucha na kushikwa. Ukirudisha bolti katikati ya njia kwa pupa, inarudi nayo, haikuachi na risasi mbili zinazogombania mlango mmoja. Ni mzito na unakwaruza kidogo ukiusukuma. Nausamehe.

Jana kaniuliza mtutu uwe na urefu gani. Sijamjibu. Nimemwambia aazime bunduki ya mwenzake, akae chini bila benchi, apige tano kwa mita 300, kisha anitumie picha ya karatasi.