Mkataba wa miezi 10 si kazi ya mwaka

Ukisema unafundisha chuo kikuu Ulaya, jamaa wa Dar wanachukua mshahara wako wa euro, wanauzidisha mara 12, kisha wanaanza kukupangia kiwanja Kigamboni. Hesabu inaharibikia hapo. Kazi nyingi za historia ya fikra za kiuchumi na falsafa ya uchumi huku ni za muda, na zipo zinazoanza Septemba na kwisha Juni. Kodi ya nyumba ya Julai na Agosti haijui hilo.

Halafu kuna sehemu ya ajira, yaani kuajiriwa kwa saa pungufu. Uholanzi kazi kamili chuoni ni saa 38 kwa wiki. Ukipewa 0.7, ni saa 26.6, na mshahara unakatwa hivyo hivyo. Kazi ndiyo haikatwi. Chukua kozi ya wanafunzi 120, kila mmoja insha 2. Ukitumia dakika 20 tu kwa insha, hizo ni saa 80 za kusahihisha, na hujaandaa mhadhara hata mmoja. Insha ya falsafa huwezi kuruka mpaka jibu la mwisho ukaweka vema. Kabla ya kusaini, uliza kusahihisha kumetengewa saa ngapi, na ziandikwe.

Sheria ya Uholanzi inataka mikataba ya muda ikivuka miaka 3 iwe ya kudumu. Uingereza ni 4. Nia ilikuwa kumlinda mwajiriwa. Matokeo yake mara nyingi ni kwamba ukikaribia ukomo unaagwa vizuri, na nafasi anapewa mgeni mwingine. Mwenye kibali cha mtaalamu Uholanzi, kazi ikiisha, hubaki na miezi isiyozidi 3 ya kutafuta mwajiri, na miezi hiyo ikiangukia kiangazi, vyuo vimelala.

Patitaimu ya Dar nayo si lelemama: unalipwa kwa saa, kwa fomu ya madai, asubuhi Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), jioni Posta, na foleni ya katikati hailipiwi. Darasa la watu 300 haliandikishwi insha, basi wanafunzi wanabeba madesa, yaani nakala za nukuu, kutoka steshenari, na anayefeli anasubiri sapu, mtihani wa marudio.

Ila somo lenyewe ni tamu zaidi Dar, hapo sibishani na mtu. Huku silabasi unaikuta tayari, vitabu vilevile vya wanauchumi wakubwa: Smith 1776, Ricardo 1817, Marx 1867, Keynes 1936, na mwalimu wa muda, mpita njia, haigusi. Mlimani ndiko alikofundisha Walter Rodney, aliyetoa kitabu chake juu ya Ulaya na kudumaa kwa Afrika 1972. Azimio la Arusha la 1967 linasomwa kwa Kiswahili, bila mkalimani. Ukitaka kufundisha bei ya haki, anza na lumbesa: gunia moja, bei moja, ila kilima kilichoshonewa juu ni jasho la mkulima lisilolipwa. Darasa zima litanyoosha mikono.

Kwa anayepanga kurudi: cheti cha nje kinapitia TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kutambuliwa, na vyuo vya umma vinaangalia GPA, yaani wastani wa alama, kwa kawaida 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 umahiri. Vyeti vingi vya Ulaya havina GPA. Omba barua inayoeleza mizani ya alama zao ukiwa bado kazini; mkataba ukiisha, hata barua pepe ya chuo inafungwa.