Mafuta ya giaboksi: kumwaga ni rahisi, kazi iko kwenye kupima

Jirani yangu wa Nguba, hapa Bukavu, amenunua Hilux ya dizeli, otomatiki, iliyokwisha kutumika. Kilomita zake halisi Mungu ndiye anayezijua. Muuzaji alimwambia mafuta ya giaboksi ni ya maisha, hayaguswi. Fundi mmoja akamtisha kwamba akiyabadilisha tu, giaboksi itakufa. Sasa anataka kufanya vidanje, yaani kumwaga mafuta ya zamani na kujaza mapya, mwenyewe uani, akaniuliza nionavyo.

Hilo la "maisha" linategemea barabara gani. Panda mlima wa Ngomo ukitokea Kamanyola, pikapu imejaa mizigo: injini ya dizeli yenye turbo inasukuma kwa nguvu kwenye mwendo mdogo, konveta, kile chombo cha mafuta kinachounganisha injini na giaboksi, inateleza, joto linapanda. Mafuta hayo hayo ndiyo yanayobana klachi za ndani, yanalainisha na yanapoza. Yakipikwa kila wiki kwenye mlima huo, yanachoka hata kama kitabu cha gari kimenyamaza.

Hofu ya fundi nayo ina chembe ya ukweli. Giaboksi ambayo tayari inachelewa kushika gia, mafuta yakiwa meusi na yananuka kuungua, klachi zake zimeshalika. Mafuta mapya hayazirudishi, na ikifa baada ya wiki, lawama humwangukia aliyeigusa mwisho. Gari ya namna hiyo ningemwachia fundi. Ya jirani yangu inabadilisha gia bila kusita.

Kumwaga kwenyewe hakuhitaji shahada. Fungua kwanza boliti ya tundu la kujazia. Ikikataa, usiguse ile ya chini, usije ukabaki na giaboksi tupu isiyojazika. Pima yaliyotoka, ili urudishe kiasi hicho hicho. Ukishusha karteri, yaani bakuli la chini la giaboksi, utakuta chujio na sumaku zilizoshika unga laini wa chuma. Unga ni kawaida. Vipande si kawaida. Mara moja hutoka chini ya nusu ya mafuta yote, kwa sababu mengine yamebaki kwenye konveta na kwenye kipoza. Kwa hiyo unajaza, unatembea siku kadhaa, unamwaga tena, pengine hata mara ya tatu. Hapa mwenye gari anamshinda fundi: yeye ana subira, garaji ina foleni.

Kwenye kupima ndiko ninakoanza kusita. Hilux za zamani za gia nne zina kijiti cha kupimia: unawasha injini, unapitisha gia zote, unavuta, unasoma. Za gia sita zilizoanza kutoka 2015, kama hiyo ya jirani, hazina kijiti. Kipimo ni tundu jingine la chini, si lile la kumwagia: injini ikinguruma, mafuta yakiwa takribani nyuzi 35 hadi 45, unafungua boliti yake na kuacha ya ziada yadondoke mpaka yawe matone. Yakiwa na joto kupita hapo yamevimba, yatamwagika mengi na utabaki na upungufu bila kujua. Na gari lazima ikae sawasawa kabisa. Niambie ni ua gani wa Bukavu uliokaa sawasawa! Wangu unainama kuelekea ziwani, wake unainama zaidi. Kuiinua kwa jeki nne na kulala chini yake injini ikiwaka, hapo mimi simo.

Garaji yenye shimo na sakafu tambarare inashinda kwa hilo, ila uliza kama wana kifaa cha kusoma joto. Wengine hupima kwa kiganja. Na usikubali kumiminiwa kutoka kwenye pipa lisilo na jina: mafuta ya giaboksi karibu yote ni mekundu, lakini aina ya WS ya Toyota ni nyepesi kuliko aina ya Dexron III, na rangi haikuonyeshi tofauti.

Nilimjibu hivi: anunue mwenyewe mafuta yanayotajwa kwenye kitabu, makopo yakiwa na kizibo kizima, awapelekee wenye shimo, akae pale mpaka boliti ya mwisho ikazwe. Ingekuwa na kijiti, ningeenda kumshikia taa. Yale machafu ayarudishe nyumbani kwenye dumu. Seremala wa mtaani huyapaka mbao kuzuia mchwa. Akiyamwaga mtaroni, mvua ya kwanza itayashusha Kivu.